Mafuta ya Papa Chini ya Mashua ya Sadala

Nyumba ya Sadala kule Mbuchi, deltani mto unapoingia baharini, haikosi watu. Mkewe Zamda hajainjika chai, jirani amekwisha kuvuta kibao. Huyu kaja kuomba moto. Yule kaja kusikia nani kagombana na nani. Lakini wiki ile wote walikuja kutazama mashua.

Sadala alikuwa amejenga mashua ya kubebea boriti za mikoko. Ilisimama ukingoni mwa mto, juu ya magogo, imeegemezwa miti huku na huku. Mbao zimekwisha kugongwa, na pamba imekwisha kutiwa katika nyufa zake. Kilichobaki ni kuipaka mafuta. Juu hupakwa mafuta matupu. Chini hupakwa mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa majini wasitoboe mbao.

Na bamvua kubwa, maji yanapojaa kupita siku zote, lilikuwa karibu. Maji ya bamvua hilo tu ndiyo yanayofika pale ilipo mashua, na yakishapita hayaji tena upesi. Yakipita, mashua itabaki juani bila mafuta. Mbao zitapasuka. Kazi ya mwaka mzima itakuwa kuni.

Mafuta yenyewe ni ya maini ya papa. Harufu yake, jamani! Watu wa delta huyaweka mbali na nyumba. Sadala akaona afanye akili zaidi ya wenzake. Alichimba shimo katika udongo wa mfinyanzi, akautia mtungi mkubwa wa mafuta, akajaza mchanga pembeni upate ubaridi. Mpaka hapo sawa. Kisha akajenga mashua juu yake, ili mafuta yawe karibu na kazi!

Mashua ikazidi uzito. Gogo moja likaukandamiza mtungi, ukapasuka. Mafuta yote yakanywewa na mchanga.

"Nilikwambia nini, Sadala?" Zamda aliuliza. "Nilikwambia usijenge juu ya mtungi."

"Ulisema kwa sauti ndogo."

"Sauti ndogo! Mpaka Ngorongo walinisikia!"

Bi Kijakazi, jirani yao, alikuwa amekwisha kufika. Huyo hapitwi na jambo. "Si uchimbe tu, mwanangu?"

"Nichimbe, bibi? Magogo yamesimama juu ya mchanga huo huo. Nikichimba, mashua inalala ubavu."

"Basi tafuta mengine."

"Kwa nani? Kila mwenye papa amekwisha kupaka chombo chake."

Mtu mmoja akasema atie maji. Mafuta huelea, yatasukumwa nje. Sadala akachomeka mwanzi upande wa juu wa shimo. Upande wa chini, nje ya mashua, akachimba kishimo cha kutekea. Akatia maji. Kweli, mafuta yakaja, karibu nusu ya debe. Watu wakapiga vigelegele.

Kisha yakaja maji matupu. Sadala akaongeza maji. Yakatoka maji. Akaongeza tena. Alishinda siku nzima akipanda na kushuka mtoni na ndoo, jasho linamtiririka.

"Unayatoa mtoni, unayapitisha chini ya mashua, unayarudisha mtoni," Zamda alisema. "Una ugomvi gani na hayo maji?"

"Mafuta yamekwisha," Sadala alijibu, akaitupa ndoo.

"Mtungi mzima umekwisha kwa nusu debe? Mengine yamekwenda Makka?"

Kesho yake akaja Mtoro, kaka yake Zamda. Mtoro alikuwa kibarua wa kampuni moja iliyotafuta mafuta ya ardhini huku pwani, siku hizo za Mwingereza. Amepewa likizo, kapitia Kibiti, na habari kazikuta njiani kabla hajafika.

"Mmeyapata hayo mafuta yenu?" Bi Kijakazi alimdaka kabla hajakaa.

"Bado, bibi. Tumepata mbu." Watu wakacheka. Mtoro akainama, akatazama kishimo. "Shemeji, mafuta yako hayajakwisha. Yamo humo humo."

"Mbona hayatoki?"

"Nisikilize. Watu hudhani mafuta ya ardhini yamekaa chini kama ziwa. Sivyo. Yamo ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo vidogo, kama yako yalivyo katika mchanga. Wenye visima wakiyasukuma kwa maji, maji hupita penye matundu mapana tu. Penye matundu membamba mafuta hubaki. Fundi wetu kambini alituonyesha kwa chupa ya mchanga." Akamgeukia Zamda. "Dada, tuta la mpunga likitoboka, maji huenda wapi?"

"Yote hupita hapo hapo palipotoboka. Majaruba mengine hukauka."

"Unafanyaje?"

"Naziba, ndiyo maji yasambae. Swali gani hilo?"

"Basi humu chini pametoboka. Maji ya shemeji yamejifanyia njia. Lazima tuizibe."

"Utaingiza mkono?" Sadala alidakia, amekasirika.

"Nitaingiza povu. Yule fundi alisema wataalamu ng'ambo wanajaribu hivyo. Povu ni maji ya sabuni na hewa. Hupita kwa shida, linajaa kwenye njia pana na kuiziba. Maji yakija nyuma yake hukosa njia, yakalazimika kwenda kwenye mafuta."

"Na povu likiyaziba mafuta yenyewe?" Zamda aliuliza.

"Umeuliza vizuri. Povu likikuta mafuta mengi hufa. Likikuta maji hukaa. Kwa hiyo linaziba njia ya maji, haliwezi kuziba nyumba ya mafuta."

Sadala hakungoja zaidi. Alikwapua mche wa sabuni jikoni, akakimbilia mtoni, akaanza kuusugua ndani ya ndoo. Akasugua weee! Hakuna povu. Maji yakafanya utandu mweupe kama maziwa yaliyoharibika.

Zamda alishika kiuno. "Maji ya chumvi hayo! Tangu nizaliwe sijafulia maji ya mto huu. Chumvi na sabuni haziendani. Mwanaume mzima hajui nguo yake inafuliwa na nini!"

Akaingia ndani, akatoa mtungi wake wa maji ya mvua, yale ya kunywa. Akaumimina huku ananung'unika. Sabuni ikaumuka mara moja.

Mtoro akafunga pampu ya baiskeli yake kwenye mwanzi kwa kitambaa na nta. Walitia maji ya sabuni, wakapiga hewa. Wakatia tena, wakapiga tena. Kwenye kishimo hakikutoka kitu. Pampu ikawa ngumu.

"Imeziba! Umeniharibia!" Sadala alipiga kelele.

"Ndivyo tunavyotaka, shemeji. Ingekuwa laini, ningejua linapita njia ile ile. Sasa tia maji, polepole. Polepole nimesema!"

Watu wote waliinama juu ya kishimo, hata nafasi ya kupumua hapana. Kwanza likaja povu chafu. Kisha ikaja harufu. Bi Kijakazi aliziba pua kwa kanga, lakini hakuondoka. Nyuma ya harufu yakaja mafuta, mazito, ya manjano.

"Haya, chota, unatazama nini?" Zamda alimwambia mumewe.

Walichota hadi madebe mawili yakajaa. Mafuta yalikuwa yamechanganyika na sabuni. Zamda akayachemsha na chumvi, kisha akayaacha yatulie. Chumvi ikaivunja ile sabuni, mafuta yakapanda juu safi, naye akayaengua. Mengine yalibaki mchangani. Mtoro alisema hata visimani hayatoki yote. Lakini yaliyotoka yalitosha. Kijiji kizima kilipaka, kila mtu akimfundisha mwenzake kupaka.

Bamvua likaja. Maji yakapanda ukingo, yakafika kwenye magogo. Wakaondoa miti ya kuegemeza, wakasukuma kwa bega. Mashua ikateleza, ikaelea wima. Sadala akaruka ndani, akapapasa mbao za chini kwa kiganja, kutoka mbele hadi nyuma. Kiganja kilibaki kikavu.

Alisimama, akamtazama mkewe aliyekuwa majini hadi magotini.

"Mke wangu, leo husemi neno?"

"Nimechoka kusema," Zamda alijibu, akimnyooshea mkono. "Nipandishe."