Tostada za Yaretzi

Ngumi ilimkuta Ulises puani, paa! Foleni ya tortila, zile chapati za mahindi, mtaa wa Oblatos, saa nane mchana, watu wamejaa mpaka barabarani, mashine inatema tortila za moto na jua la Guadalajara linachoma utosi. Damu ikamwagikia fulana nyeupe aliyoinunua juzi tu.

"Mwizi! Nipe simu yangu!"

Mwenye ngumi alikuwa Yaretzi, sare ya bluu ya kiwanda cha viatu, hereni kubwa za duara, macho yanawaka.

"Simu gani?"

"Uliyonichomoa mfukoni!"

"Dada," Ulises alisema, damu inamwingia mdomoni, "hiyo uliyoshika mkono wa kushoto ni ya nani?"

Foleni nzima ililipuka kwa kicheko. Yaretzi akaangalia mkono wake. Simu hiyo hapo. Jamani! Akatoa kitambaa chake cha kufungia tortila, chenye mistari myekundu, akaanza kumfuta pua kwa fujo.

"Taratibu basi! Mkono mzito hivyo, unafanya mazoezi wapi?"

"Nashona viatu."

"Njoo klabu kwetu. Mimi bondia."

"Bondia gani anapigwa na mwanamke kwenye foleni?"

"Bondia mwenye njaa."

Yaretzi akacheka. Kwisha habari ya Ulises.

Tangu hapo Ulises akawa mtu wa jikoni kwake. Yaretzi alikuwa akitoka kiwandani hoi, hana nguvu za mapishi marefu, kwa hiyo ni tostada. Asubuhi anaanika tortila za jana juu ya paa, kwenye kile kitambaa, zikauke zisinywe mafuta. Jioni anazikaanga mpaka zinalia kama vigae, anapaka maharage yaliyopondwa na mafuta ya nguruwe, juu kabichi, jibini, pilipili ya kusaga. Tayari, mnakula. Ulises akipita mbio za asubuhi akakiona kitambaa, anapiga simu.

"Nimekiona."

"Na nani kakwambia ni zako?"

"Maharage yameniita kwa jina, mpenzi."

"Mlafi mkubwa wewe. Uje na jibini."

Lakini nyumba ile ilikuwa na sheria. Baba yake Yaretzi alikuwa akipiga watu mezani. Mama alipakua maharage huku mdomo umepasuka. Siku mzee alipoondoka, Yaretzi aliapa: anayepiga mtu humu ndani, haketi meza hii.

"Aliyenivunja pua ndiye anayenihubiria?" Ulises alimtania.

"Ile ilikuwa barabarani. Hapa ni mezani. Sitanii, Ulises."

Jumanne ni siku ya Ulises ya mazoezi, siku hiyo hakuna tostada. Sasa Jumanne moja jioni anaelekea klabu, anainua macho, kitambaa kile juu ya paa! Tostada za nani? Akapiga simu. Haipokelewi. Akapiga tena. Kimya. Akapanda ngazi mbilimbili, akasukuma mlango.

Mezani amekaa dume la watu, singlendi, mikono yote michoro, anatafuna. Yaretzi anacheka, anamfuta pilipili kidevuni.

Ulises hakuuliza. Konde la kwanza lilimng'oa yule mtu jino, la pili likamwangusha na kiti. Sahani zikapasuka. Yule mtu akainuka na kisu cha kabichi, akamchana Ulises bega. Ulises akamkamata shingo, akambamiza kwenye jiko, sufuria ikapinduka, maharage ya moto yakamwagikia mikono ya wote wawili. Wakawa wanapiga mayowe huku wanapigana.

"Ni kaka yangu!" Yaretzi alilia. "Ni Gildardo! Kaingia leo kutoka Chicago!"

Ulises akaachia. Gildardo aliyemjua yeye ni mtoto mdogo wa kwenye picha ukutani, si jitu hili.

"Simu ilikuwa chumbani, naisikiaje na makelele ya mafuta?" Yaretzi akamwonyesha mlango. "Nilitaka kukuita ukitoka mazoezini, umjue. Toka."

"Mpenzi..."

"Toka!"

Simu za Ulises hazikupokelewa. Yaretzi alipopokea hatimaye, sauti ilikuwa baridi.

"Unataka nini?"

"Nimekosa. Wivu ulinipanda kichwani."

"Baba naye alianza hivyohivyo. Sahani moja tu."

Akakata.

Ijumaa jioni Ulises alikuja na sinia kubwa la tostada. Alizianika mwenyewe, akazikaanga mwenyewe, vidole vimeungua. Mlango ukafunguliwa na Gildardo, pengo wazi.

"Oho, bondia!"

Ulises akaingia hatua moja, konde likamkuta jichoni. Sinia kalishika kwa mikono yote miwili. Hakulishusha.

"Rudisha basi! Si mwanaume?"

La pili tumboni. Akapiga magoti, sinia limenyooka. La tatu likampasua mdomo, damu ikadondokea kabichi. Tostada moja tu ndiyo iliyoanguka.

"Gildardo!" Yaretzi kasimama jikoni.

"Niache, nadai jino langu!"

"Humu ndani?" Akamshika kaka yake shingoni mwa singlendi. "Kisu nilikusamehe, yeye ndiye alianza. Leo mwenzio hata hajainua mkono. Nje."

"Mimi ni ndugu yako!"

"Na ndugu yangu atakula kwenye ngazi." Akamwekea tostada mbili mkononi, akafunga mlango.

Kisha akavuta kiti. Ulises akakaa, jicho limefumba. Yaretzi akang'ata tostada, krap.

"Maharage hayana chumvi."

"Ng'ata penye damu."

Hakucheka. "Ukikunja ngumi tena humu ndani, Ulises, sitakufukuza. Nitaondoka mimi, na hutaniona."

"Najua. Ndiyo maana nilishika sinia."

Yaretzi akachukua kile kitambaa, akambonyeza mdomoni, safari hii polepole.

Mlango ukagongwa. "Dada! Zimebaki nyingine?"

"Muombe shemeji yako," Yaretzi akajibu.

Tostada ikaishia hewani mbele ya mdomo wa Ulises. "Umesema nani?"

"Kula," Yaretzi alisema, "kabla haijalainika."