Toleo la Themanini na Saba

"Futa jina langu kwenye sanduku, Emil."

Emil Sedlak alikuwa ameinama nyuma ya kaunta akipanga matoleo mapya ya Jumatano. Aliposikia sauti ile aliinuka haraka hata akajigonga kichwa kwenye rafu.

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Sanduku namba kumi na nane, Dombek. Lifute, umpe mtu mwingine."

Arlene Dombek alikuwa amesimama na koti lake la kijani, theluji inamyeyukia mabegani, mkoba kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kwa miaka sita, kila Jumatano saa nane mchana, alikuwa akiingia kwenye duka hili la vitabu vya katuni mjini Erie. Kila mteja wa kudumu ana sanduku lake lenye jina, na matoleo mapya yakifika, Emil humwekea kila mtu ya kwake. Sanduku halifutwi hivi hivi. Hulifuta anayehama, au ndugu wa aliyekufa huja kulifuta kwa niaba yake.

"Unaumwa?" Emil akauliza.

"Nahama. Jumamosi naenda Tucson, kwa mdogo wangu Verna."

Duane, tarishi wa mtaa ule, alikuwa kakaa kwenye kigoda karibu na hita, anamalizia donati yake. Kila Jumatano alipumzikia hapo, mkokoteni wa barua ukimngoja nje.

"Tucson!" akasema. "Huko kuna jua na nge tu, Bi Arlene."

"Bora nge, Duane. Nge akikuuma, angalau unajua umeumwa."

Emil hakucheka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta miwani yake, na Arlene akageuza uso, maana miwani ile ikifutwa ilimkumbusha jambo.

Ilikuwa wiki nne nyuma. Wateja walikuwa wameshatoka, na Emil, mwanamume wa miaka sitini na mmoja ambaye hajawahi kuoa, aliifuta miwani yake mara tatu, kisha akasema huku anatazama kalenda ukutani:

"Arlene, nilikuwa nafikiri... masanduku yetu. Yakiunganishwa. Yaani majina mawili, sanduku moja. Nyumba moja pia. Ungesemaje?"

Arlene ni mjane wa miaka hamsini na saba, fundi cherehani. Huwashonea watu mavazi ya mashujaa wa katuni, wale wanaojipamba na kwenda kwenye maonyesho ya kiangazi. Katika maisha yake ameshapima vifua vingi vya mashujaa wa bandia, lakini siku ile aliona shujaa wa kweli akitetemeka mbele yake. Akaomba wiki moja.

Hakuhitaji hiyo wiki kwa kufikiri. Alihitaji kumpa jibu lake kwa namna atakayoipenda. Nyumbani, chini ya vitambaa, alikuwa na toleo la themanini na saba la Mlinda Daraja, katuni ya shujaa mwenye barakoa, alilolikuta kwenye mnada wa uani huko Meadville akitafuta vifungo vya zamani. Nalo toleo hilo lilikuwa donda la Emil. Alipokuwa na miaka kumi na minne, barua yake ilichapishwa humo, ukurasa wa mwisho, kwenye barua za wasomaji. Kiangazi hichohicho alikwenda kambi ya maskauti, na huku nyuma mama yake akafagia chumba na kutupa katuni zote. Emil alikuwa akisimulia habari hiyo kwa kila mteja mpya, kama mtu anayesimulia msiba.

Basi Arlene akaketi kwenye cherehani yake, akachukua kalamu ya wino wa buluu, na chini ya ile barua ya zamani akaandika jibu lake. Jumatano akalileta ndani ya bahasha ya kaki. Alikusudia kusema neno zaidi, hakuthubutu. Akasema tu, "Hii ni yako," akatoka mbio kama mwizi.

Jioni ile simu yake ikalia, ujumbe: "Nimeipata zawadi. Sijui nikushukuru vipi. Nitaitunza maisha yangu yote. Emil."

Basi. Aliusoma ujumbe ule mara kumi na moja akitafuta neno la mapenzi, asilione. Na Jumatano iliyofuata Emil alimpokea kwa macho ya chini: "Habari za mchana, Bi Dombek." Bi Dombek! Kama vile hawajawahi kula samaki wa Kwaresima pamoja kwenye ukumbi wa kanisa, sahani moja.

Alimpigia Verna simu akilia.

"Dada, nisikilize," Verna alimwambia. "Mwanamume ukimwandikia ndiyo kwa wino, naye akajibu asante, huyo hajakuoa. Huyo kapokea mzigo."

"Labda anaona haya."

"Ana miaka sitini na moja! Haya ya nini tena? Mficha uchi hazai. Njoo huku, kitanda nimeshatandika."

Akangoja wiki mbili zaidi. Kisha akakata tiketi.

Sasa pale dukani Duane, mtu asiyeweza kukaa kimya, akajaribu kubadilisha mazungumzo.

"Angalau filamu umeiona kabla hujatuhama? Ya Mlinda Daraja?"

"Nimeiona mara mbili," Arlene akasema.

"Mara mbili!" Emil akaruka, maana hapo alipoguswa hakuweza kujizuia hata angekuwa kaburini. "Takataka ile mara mbili?"

"Takataka kwako."

"Arlene, kosa la kwanza ni barakoa. Kwenye katuni, miaka hamsini na kitu, Mlinda Daraja hajamvulia barakoa mtu yeyote. Mama yake amekufa hajui mwanawe ni nani! Kwenye filamu? Dakika ya ishirini, hiyo, kavua. Kavua kwenye mvua, kavua kwenye lifti, kavua anakula supu!"

"Bosi," Duane akasema, "supu utainywaje na barakoa?"

"Kwenye katuni hali supu!"

"Ndiyo maana kakonda."

"Pale alipomvulia nesi Corinne, mimi nililia," Arlene akasema polepole.

"Ulilia nini, vazi?"

"Vazi lilikuwa zuri, mshono wa begani umepigwa kwa mkono, hilo nawapa heko. Lakini nililia kwa ajili ya yule mwanamke, Emil. Miaka yote anasimama pale darajani anaongea na kitambaa. Siku moja tu, kaona uso."

"Akishaona uso, hadithi imekwisha."

"Au ndiyo imeanza."

"Hapana! Wale watengeneza filamu hawasomi, hilo ndilo tatizo. Wanatazama jalada, wanapenda picha, wanakimbilia kamera. Hakuna hata mmoja aliyefika ukurasa wa mwisho! Mimi nilimwambia mhariri waziwazi nikiwa kijana mdogo, na barua ikachapishwa, toleo la themanini na saba: barakoa isivuliwe kamwe!"

Arlene alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Mkono ukabaki pale pale. Barua ile aliijua kwa moyo, na haikusema hivyo. Haikusema hivyo hata kidogo.

"Umesema barua yako ilisemaje?"

"Barakoa isivuliwe kamwe."

"Uliisoma lini mara ya mwisho?"

"Kabla sijaenda kambini. Miaka arobaini na saba."

"Na hii niliyokuletea mimi?"

"Ipo ndani. Salama kabisa."

"Sikukuuliza iko wapi, Emil."

Emil akamtazama, hakuelewa. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi amevaa glavu nyeupe, amebeba lile toleo kwa mikono miwili kama padre anavyobeba chombo cha altare. Lilikuwa ndani ya nailoni mbili, nyuma limeegemezwa kadibodi ngumu, selotepu juu, selotepu chini, selotepu pembeni kote. Kwenye kona kulikuwa na kibandiko chenye tarehe: siku ileile aliyolipokea.

"Umeona?" akasema. "Hata pumzi sijalipulizia. Pini zake hazina kutu. Sijawahi kuona safi namna hii."

Arlene aliachia kitasa. Akajishikiza kwenye rafu ya katuni za watoto.

"Hujalifungua."

"Toleo kama hili halifunguliwi, Arlene. Karatasi ya zamani, ukiikunja mara moja tu..."

"Barua yako mwenyewe imo humo. Na hujalifungua."

"Nilitaka." Sauti yake ikashuka. "Nilikaa nalo mezani siku ya kwanza mpaka chai ikapoa. Nikaogopa. Nilikuuliza neno, ukaondoka wiki nzima, ukarudi na bahasha, ukakimbia. Mtu anayesema ndiyo hakimbii. Nikajua ni kifuta machozi. Nikasema, basi, kama ndicho nitakachobakiwa nacho, nikifunge vizuri kisiharibike."

"Ee Mungu wangu," akanong'ona Duane. Donati ikamwanguka.

Hapo Arlene angeweza kusema kila kitu kwa mdomo. Maneno yalikuwa pale ulimini. Lakini alimtazama mwanamume yule na glavu zake, akawaza: nikimsomea mimi, maisha yangu yote nitakuwa namsomea.

"Fungua," akasema.

"Arlene..."

"Mimi nimesimama darajani wiki tatu naongea na kitambaa. Fungua sasa hivi, au naondoka na hutaniona tena."

Emil akachukua mkasi mdogo, akaurudisha mezani. Akavua glavu ya kulia, kisha ya kushoto. Akaingiza ukucha chini ya selotepu, akavuta. Kraaa! Duka zima likasikia. Selotepu ya pili, ya tatu. Nailoni ikaanguka sakafuni, na Emil akafungua ukurasa wa mwisho kwa vidole vitupu.

Kwanza rangi ikamtoka usoni.

"Nani kaandika humu?" akapiga kelele. "Mshenzi gani kachora kwa wino kwenye..."

Mwandiko ule aliujua, aliuona kila mwezi kwenye karatasi za oda. Akasogeza uso karibu. Midomo ikaanza kucheza bila sauti.

"Soma kwa nguvu, mzee," Duane akasema, "usituue na sisi."

Emil akasoma, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya kijana anayebalehe:

"Mhariri mpendwa, mimi ni mwoga kuliko Mlinda Daraja, lakini hata mimi ningevua barakoa. Nesi Corinne anamngoja tangu toleo la nne. Mtu asiyeonyesha uso wake anaweza kuogopwa, lakini hawezi kupendwa. Tafadhali avue. Emil Sedlak, miaka kumi na minne, Erie."

Akainua macho. "Nilisema avue?"

"Ulisema avue."

"Miaka yote hii nimekuwa nikiwatukana watu..."

"Mimi ukiniita punguani," akakumbusha Duane. "Jumatano iliyopita tu."

"Endelea kusoma," Arlene akasema. "Umeruka mstari."

"Kuna jibu la mhariri. 'Subira, kijana.'" Emil akacheka. Kisha akashusha kidole kwenye wino wa buluu. "Naunga mkono barua hii. Jibu langu ni ndiyo. Majina mawili, sanduku moja. Arlene."

Emil alivua miwani, na safari hii hakuifuta. Aliiweka kaunta, akamwangalia Arlene kwa macho yake matupu, mekundu, yasiyoona vizuri.

"Wiki tatu," akasema. "Jibu lako lilikuwa chumba cha pili, hatua nane kutoka hapa ninapokaa."

"Na mimi nilikuwa na mdomo, sikuutumia," Arlene akasema. "Nilimlaumu Mlinda Daraja, kumbe na mimi nimevaa barakoa."

"Bado ni ndiyo?"

"Wino huo haufutiki, fundi wa nailoni wee. Uliza mwenyewe, usoni, na usitazame kalenda."

Emil akazunguka kaunta. Alikanyaga nailoni, alikanyaga donati ya Duane, hakujali.

"Arlene Dombek, utaolewa na mimi?"

"Ndiyo. Nimeshachoka kuisema."

Duane akajipangusa macho kwa mkono wa koti la kazi. "Haya, mzee, lakini kusema kweli, thamani ya toleo hilo imekwisha kabisa."

"Duane."

"Naam, bosi?"

"Kapeleke barua za watu."

Duane alipotoka, Arlene akatoa simu, akaandika: "Verna, siji. Njoo wewe mwezi wa sita, ulete gauni lako la njano."

Jibu likarudi kabla hajaufunga mkoba: "KAFUNGUA MDOMO?"

"Kafungua nailoni," Arlene akajibu. "Nitakueleza."

Emil mwenyewe aliliandika upya sanduku namba kumi na nane kwa wino wa buluu. Wateja wakaja kulitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Walioana mwezi wa sita, kwenye ukumbi uleule wa kanisa wanaokaangia samaki. Arlene alijishonea gauni mwenyewe, mshono wa begani kaupiga kwa mkono. Kulikuwa na pirogi, vile vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi, sinia saba, na Duane alicheza polka mpaka kiatu kikamtoka. Kando ya keki, juu ya kitambaa cheupe, waliweka toleo la themanini na saba, wazi, bila nailoni.

Verna, gauni la njano, vidole vimejaa krimu ya keki, akalifikia akaanza kufunua. Waliomjua Emil wakashika pumzi. Hata Arlene alimkamata mkono mumewe chini ya meza.

Emil alimeza mate mara mbili.

"Shemeji," akasema, "taratibu na kurasa. Lakini usiishie kwenye jalada. Fika mpaka mwisho."