Mpandaji wa Adhuhuri

Nicandro Tovar alikuwa amechoka tangu siku ya kwanza, na uchovu wa saisi, mtunza farasi, si wa kuupumzikia. Mimi na wewe tukichoka tunalala. Saisi akichoka, farasi bado anataka maji, anataka majani makavu ya kulalia, miguu imwagiwe maji baridi kisha ifungwe bendeji, tandiko lisuguliwe mpaka ling'ae, na kesho ni hivyohivyo. Mashindano ya San Jacinto, huko milimani juu ya Querétaro, huleta farasi kutoka Brazil, Kolombia, mpaka Ulaya. Watu wa majukwaani huwaona wanaporuka viunzi tu, wakapiga makofi, wakarudi kwenye vinywaji vyao. Hayo mengine yote ni ya akina Nicandro.

Yeye alimtunza Ceniza, farasi jike wa kijivu wa Renata Aldape, msichana aliyempanda mashindanoni. Mama yake Ceniza alikufa akimzaa, na Nicandro ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa, akilala naye bandani, mpaka mkewe Jovita akawa anamtania, "Huyo binti yako akikuruhusu, uje na kwangu siku moja." Wao wenyewe hawakujaliwa watoto. Hilo halikuzungumzwa nyumbani, ila Ceniza akipiga chafya tu, Nicandro ameshasimama.

Asubuhi ya ukaguzi, ambapo daktari na waamuzi humtazama kila farasi kabla hajaruhusiwa kushindana, Nicandro alikuta singa za shingoni mwa Ceniza zimesukwa. Visuko vyembamba, viwili viwili, kila viwili vimeunganishwa chini vikafanya kitanzi. Masaisi husuka singa za farasi siku za mashindano, hilo ni jambo la kawaida, lakini hakuna asukaye namna ile. Na Nicandro hakuwa amesuka chochote.

"Mama yangu wee," akasema Eufrosina, saisi wa banda la pili, mwanamke wa Oaxaca mwenye ulimi wa pilipili. Leo hakucheka. "Kaka Nica, umepata mgeni."

"Mgeni gani? Ni wale wahuni wa banda la kule, wananichezea."

"Wale? Wale huamshwa na farasi wao. Sikiliza, kaka. Hivyo ni vikuku vya yule mpandaji asiyeonekana, ndipo anapotia miguu akipanda. Vifungue kwa vidole, taratibu, kuanzia chini, na umwombe radhi. Usikate."

Hakuambiwa jipya. Masaisi wote wa pande zile wanalijua hilo, na Nicandro alifundishwa na baba yake kabla hajajua hata kufunga hatamu. Basi akaanza kufungua. Vidole vilikuwa vimevimba kwa maji baridi ya jana. Fundo likifunguka, la pili linakaza. Spika ikamwita Ceniza uwanjani. Ikamwita tena. Renata akachungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Don Nica, tunasubiriwa sisi tu! Bado nini?"

"Tayari, binti. Nakuja."

Akachukua mkasi, akakata. Visuko vikaanguka chini, akavisukumia pembeni kwa kiatu. Ukiniuliza mtu mzima aliyekulia pamoja na farasi alifanyaje ujinga ule, sina jibu zaidi ya hilo moja: alikuwa amechoka.

Jua likiwa la utosi, mashindano husimama. Watu hula maharage na tortilla, kisha mabanda yote hulala, masaisi juu ya magunia, farasi wakiwa wamesimama. Nicandro alijilaza kwenye kitanda cha kamba, nje ya mlango wa Ceniza hasa. Alipoamka, Ceniza alikuwa amelowa jasho mpaka tumboni. Miguu inatetemeka, povu linadondoka. Mbavuni, kushoto na kulia, ngozi ilikuwa imechubuka na damu inachungulia. Njumu za Renata, vile vyuma vya kisigino vya kumchochea farasi, zilikuwa zimetundikwa ukutani, kavu. Na alama zile hazikuwa za njumu. Zilikuwa za visigino vitupu, vidogo.

Eufrosina alizitazama, akajifanyia ishara ya msalaba. "Umekata, siyo?"

"Nilikuwa nachelewa, dada."

"Umemnyang'anya vikuku. Sasa anajishikilia kwa visigino."

"Nifanye nini?"

"Mimi najua kufungua tu, Nica," akanong'ona. "Aliyekata sijawahi kumwona akipona nalo."

Kesho yake yakawa yaleyale. Wakamhamishia Ceniza banda la mbali, mgeni akamfuata. Mwamuzi akaiona ile michubuko. Farasi mwenye damu ubavuni hashindani, ndiyo sheria, akatoa onyo. Daktari akaweka sikio lake kwenye kifua cha Ceniza, akakaa hapo muda mrefu.

"Moyo huu unakimbia na farasi amesimama," akasema. "Akipata shida kama hii mara moja tena, ataanguka. Na akianguka hatasimama."

Renata akamvuta Nicandro kando. "Nani anampanda farasi wangu, don Nica?"

"Sijui, binti."

"Unalala mlangoni pake. Hujui vipi?"

Alimtazama tu binti yule ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kukaa kwenye tandiko, akaona kwamba hamwamini tena, na moyo ukamuuma. Lakini la Ceniza lilimuuma zaidi. Farasi huyo alikuwa hali chakula. Alisimama ameinamisha kichwa mpaka pua ikagusa sakafu, na Nicandro alipomwita hakutikisa hata sikio. Mara moja tena, daktari alisema. Na adhuhuri inakuja kila siku, hakuna wa kuizuia.

Safari hii Nicandro hakulala nje. Aliingia ndani, akafunga mlango, akageuza ndoo na kuikalia. Joto lilikuwa zito. Mtu wa mwisho akazima redio yake. Usingizi ukamjia kwa nguvu, akajifinya paja, akajiuma ulimi. Hakulala. Alilirudia hilo baadaye kwa Eufrosina, na kwa padri, na kwa Jovita: sikulala.

Kwanza, nzi walinyamaza.

Kisha farasi wa mabanda ya jirani wakageuka. Aliwaona kupitia nondo za dirisha. Wote, mmoja baada ya mwingine, wakageuza nyuso ukutani.

Mgongo wa Ceniza ukabonyea. Taratibu. Ubonyeavyo mtu anapokaa. Hapakuwa na mtu.

Manyoya ya mbavuni yakadidimia mahali pawili. Yakainuka. Yakadidimia tena, kwa nguvu. Ceniza akaanza kukimbia. Hakusogea hata hatua, kwato zake hazikuondoka sakafuni, lakini alikuwa anakimbia. Misuli inaruka. Pua zimepanuka. Jasho likaanza kutiririka, na macho yake makubwa yakamtazama Nicandro. Alimtazama yeye tu.

"Shuka," Nicandro akanong'ona. "Nakuomba. Nilikosa mimi, siyo yeye."

Visigino vikapiga.

"Atakufa. Mwache, atakufa." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Goti la Ceniza likakunjika. "Basi nipande mimi! Kama lazima umpande mtu, nipande mimi."

Visigino vikaacha kupiga.

Mgongo wa Ceniza ukainuka. Akashusha pumzi ndefu, akakaza magoti, akasimama.

Majani ya sakafuni yakachakarika. Hatua nyepesi. Zikaja mpaka kwenye ndoo. Kiganja kidogo, cha baridi, kikamgusa Nicandro utosini. Kikapapasa. Nicandro alikuwa na upara, hata unywele wa kushika hakuwa nao. Kiganja kikapapasa nyuma ya masikio, kikarudi usoni, kikashuka. Kikasimama kwenye midomo yake. Kidole kikaingia pembeni mwa mdomo, na kingine upande wa pili, kama chuma cha hatamu.

Alizinduliwa na spika ikitangaza mashindano ya jioni. Bado alikuwa juu ya ndoo, shati limemganda mwilini. Ceniza alikuwa anakula.

Siku ya fainali daktari alimpima, akampima tena, akacheka kwa mshangao. Ceniza aliruka viunzi vyote bila kugusa hata kimoja, na majukwaa yakalipuka kwa shangwe. Renata alishuka, akamkumbatia Nicandro mbele ya wapiga picha. "Nisamehe, don Nica. Sijui umemfanyia nini, ila nisamehe." Nicandro alitaka kumpigapiga mgongoni, mikono haikuinuka. Alicheka tu, akasikia ladha ya chuma mdomoni.

Aliomba likizo akarudi kijijini kwao. Wiki zikapita, uchovu haukupita. Alikonda, pumzi zikawa fupi, pembe za mdomo zikapasuka zikakataa kupona. Zahanatini wakasema ni upungufu wa vitamini. Jovita akampaka mafuta, akamlisha mayai, akamgombeza.

"Ulale vizuri basi! Mtu gani anaamka kachoka kuliko alivyolala?"

"Mchana nikijilaza, wewe kaa nje, mama. Nakuomba."

Renata alikuwa akipiga simu. Ceniza amenenepa, Ceniza ana afya, Ceniza anageuka kila mlango ukifunguliwa akidhani ni yeye. Siku hizo Nicandro alifurahi kweli. Alimwomba Renata ampelekee simu Ceniza sikioni, akamwita kwa jina, na damu ikamchirizika kidevuni kwa kucheka.

Simu ya mwisho ilikuja kiangazi, chakula cha mchana kikiwa mezani. Baada ya kula Nicandro akaenda kujilaza, na Jovita akatoka nje alivyoombwa. Lakini aliisikia pumzi yake kupitia ukutani, nzito, ya haraka haraka, na akashindwa kuvumilia. Aliingia. Mumewe alikuwa chali kitandani, hajasogea, macho wazi, misuli ya mapaja inaruka chini ya shuka. Akamshika mkono, akamwita, akalia. Hakuweza kufanya zaidi.

Kisha ile pumzi ikakoma. Nicandro akafumba macho, akatulia. Jovita akamfuta povu midomoni, akagundua shavu moja limevimba kwa ndani. Akaingiza kidole, akatoa kilichokuwamo, akakiweka kiganjani mwake.

Majani mabichi ya malishoni, yametafunwa nusu, bado yana umande. Kiangazi kile, pande zote za kijiji chao, hapakuwa na jani la kijani.