Malkia Asiyeulizwa

Walikutana kwenye foleni ya fundi simu, mchana wa jua kali, watu wamejazana hadi barabarani. Muuguzi, bado na sare yake nyeupe na raba za bluu, alikuwa akiimba chini chini. Kijana aliyekuwa mbele yake, mrefu, mwenye shati la kitani lililokunjamana, akageuka.

"Dada, sauti hiyo unaiuza?"

"Naigawa bure. Ila simu yangu ikichelewa, utasikia nyingine."

Kijana akacheka. Alikuwa mtunzi, wenzake walimwita Sufi, maana hakukosa neno la masheikh wa kale. Wakati huo alikuwa akigeuza utenzi wa zamani kuwa tamthilia ya nyimbo mtandaoni, kila mwigizaji akiimba kutoka chumbani kwake. Katika utenzi huo, mfalme alipigana miaka kumi na miwili kumkomboa mkewe aliyetekwa, kisha akamdai mashahidi wa uaminifu wake.

"Kwangu mimi adui ni nafsi ya mfalme," alisema. "Akishaishinda, haulizi kitu. Anavua taji, anapiga magoti."

Muuguzi akawa malkia. Miezi minne walifanya mazoezi kwenye skrini, na mazoezi yakageuka mapenzi.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe je, au umeshiba falsafa?"

Wiki moja kabla ya onyesho, katikati ya wimbo, mwanamume akakohoa chumbani kwa muuguzi.

"Nani huyo?"

"Nitakueleza. Si sasa, anasikia."

Alikuwa kaka yake, mgonjwa mahututi, aliyemsihi asimwambie mtu habari za ugonjwa wake. Sufi hakusubiri maelezo. Kesho yake akatuma ujumbe: "Nafasi yako imepata mtu." Muuguzi akapiga simu mara tatu, haikupokelewa. Onyesho likarushwa. Maelfu walitokwa na machozi mfalme alipovua taji bila kuuliza neno, na sifa zote zikamwendea mtunzi.

Siku tisa baadaye Sufi akaona tangazo la msiba kwenye ukurasa wa muuguzi. Marehemu alikuwa na macho yaleyale ya muuguzi, pua ileile. Akakikumbuka kile kikohozi.

Ilimchukua mwezi mzima kupata ujasiri. Akamfuata hospitalini, kwenye korido ya wodi, pete mkononi.

"Nilikosea, mpenzi. Kubali nikuoe."

Muuguzi hakuitazama pete.

"Kaka alitaka kunisikia nikiimba. Nikamwekea mito, nikamfungulia onyesho lako. Macho yake yalishafifia, sura haioni. Akaniuliza, 'Mbona sauti si yako?' Nikamwambia ni mimi, mitambo tu imeibadilisha. Akanipigia makofi, kwa mikono ile isiyoweza kushika hata kijiko."

"Nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Ndicho kinachoniuma. Lakini uliwapa watu wote yule mfalme, mimi ukanibakizia mwenye kudai mashahidi."

Mgonjwa akaita kutoka ndani. Muuguzi akajifuta macho kwa kiganja, akaingia, mlango ukajifunga wenyewe.

Sufi alibaki amesimama pale pale, hadi mfanya usafi alipomfikia na ndoo yake.

"Samahani, kaka. Sogea kidogo, napiga deki."