Chandarua cha Mheshimiwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Alimasi alimwosha Mheshimiwa. Mheshimiwa lilikuwa gari: jipu ndogo nyeupe, ambayo watu wengine waliitumia miaka kumi na mitano kabla haijafika Kasongo. Ilikuwa na milango mitano, kioo kimoja chenye ufa, na heshima nyingi. Watoto walikatazwa kuiegemea. Kuku nao walikatazwa, lakini hawakusikia.

Alimasi aliuza sabuni, chumvi na vitambaa. Alitaka kupeleka bidhaa hadi Kabambare. Barabara ya huko ina majani marefu pembeni na katikati. Mbegu za majani huingia mbele ya gari na kuziba rejeta, yaani chombo kinachopoza maji ya injini. Kwa hiyo madereva hufunga wavu mbele. Alimasi naye alifunga. Alichukua chandarua kipya cha mwanawe Nourdine, akakikunja mara nne, akakikaza kwa kamba.

"Papa Nourdine," mkewe Fatuma alisema, "mutoto atalala na mbu?"

"Mbu iko kadogo. Motere ya gari ni mukubwa."

Basi Nourdine akalala na mbu, na Mheshimiwa akavaa chandarua.

Safari ya kwanza ilikuwa ya matope. Kwenye kilima, kabla ya kufika Wamaza, sindano ya joto ilipanda mpaka penye rangi nyekundu. Mvuke ukatoka. Alimasi alirudi Kasongo polepole, akisimama kila kilima kama mzee mwenye magoti mabovu.

Amisi, fundi wa mtaani, aliweka sikio juu ya injini. Akabadilisha pampu ya maji. Gari likachemka. Akabadilisha valvu ya maji. Likachemka tena. Vyote viwili viligharimu dola themanini.

"Sasa ni kichwa ya motere," Amisi alisema, akigonga kifuniko cha juu cha injini. "Dola mia tano."

Wiki hiyo Nourdine alishikwa na malaria. Nyumba ikawa na wagonjwa wawili wa joto. Mtoto alipelekwa kituo cha afya, akapata dawa, akapona. Gari halikupona. Alimasi akaanza kuitazama cherehani ya Fatuma, ile iliyowalisha wote kabla Mheshimiwa hajaja. Akapata mnunuzi. Mtu huyo angekuja Ijumaa baada ya sala.

Fatuma hakugombana. Alhamisi alikwenda kumwita Dieudonnée, fundi wa magari kwenye karakana ya mradi wa barabara. Ovaroli za Dieudonnée zilishonwa kwa cherehani hiyohiyo.

"Nani alisema kichwa ya motere imekufa?" Dieudonnée aliuliza alipofika.

"Amisi," Alimasi alijibu.

"Alipima?"

"Alisikiliza."

"Haya. Mupike chai, tungoje motere ipoe. Rejeta ikiwa moto haifunguliwi. Maji itakurukia kwenye uso."

Walikunywa chai. Kisha Dieudonnée alichomoa kijiti cha kupimia oili.

"Mama Nourdine, angalia. Oili ni nyeusi. Kama kichwa ingekufa, maji ingeingia ndani, ungeona rangi ya chai ya maziwa."

Akawasha injini. Hakuona moshi mweupe nyuma. Hakuona mapovu kwenye maji.

"Kichwa iko muzima," alisema. Akazunguka mbele. "Na hii ni nini?"

"Kinga," Alimasi alisema kwa fahari.

Dieudonnée aligonga chandarua kwa kidole. Kilitoa sauti kama ukuta. Matope mekundu yalikuwa yamekauka katika mikunjo yote.

"Papa, umejenga nyumba ya udongo mbele ya rejeta. Upepo utapitia wapi?"

"Madereva wote wanafunga!"

"Wanafunga wavu moja, ya matundu makubwa. Wakisimama wanaikung'uta na kuiosha. Wewe ulikunja mara ngapi?"

Alimasi alikohoa. "Ine."

Fatuma aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

Dieudonnée alikata kamba. Alisafisha rejeta kwa maji yanayotiririka taratibu ili mapezi yake membamba yasipinde. Alimwaga maji ya kijito yaliyokuwa ndani, yenye kutu, akatia maji maalumu ya rejeta. Waliendesha gari kupanda kilima mara tatu. Sindano ilikaa katikati.

Waliporudi, Dieudonnée alilala chini ya gari.

"Iko kitu ingine. Mpira unaofunika kardani, ile chuma ya kuzungusha gurudumu, umepasuka. Leo ni dola kumi na tano pamoja na grisi. Mukingoja, muchanga utakula kardani yenyewe. Pale ni dola mia na makumi mawili."

"Na yote ni ngapi?" Alimasi aliuliza.

"Mpira kumi na tano. Maji ya rejeta kumi na mbili. Kazi yangu kumi. Makumi tatu na saba."

"Na zile makumi munane za Amisi?"

"Zile ni minervali, papa, feza ya masomo. Umeshasoma. Mara ingine, fundi akitaka kutoa kitu, mwambie kwanza akuonyeshe ugonjwa."

Alimasi alilipa, na mpira ukabadilishwa jioni hiyohiyo.

Ijumaa mnunuzi alikuja. Fatuma alikuwa akishona, wala hakuinua mguu kwenye pedali.

"Nimekuja kuchukua mashini," mnunuzi alisema.

"Iko kwenye kazi," Fatuma alijibu. Mnunuzi alimtazama Alimasi. Alimasi aliwatazama kuku.

Chandarua cha kwanza kilikuwa kimelowa grisi ya kardani, hakikufaa tena. Fatuma alinunua kingine sokoni, akakifunga mwenyewe juu ya kitanda cha Nourdine. Alimasi alifunga mbele ya gari wavu mmoja wa waya, wenye matundu ya kupitisha kidole.

Wiki mbili baadaye Mheshimiwa alifika Kabambare akiwa na sabuni na chumvi. Njiani Alimasi alisimama mara nne kukung'uta mbegu. Dereva wa pikipiki aliutazama wavu ule na kucheka.

"Papa, mbele ya gari yako iko wazi sana. Hauna chandarua?"

"Niko nayo," Alimasi alisema. "Iko inafanya kazi kwenye kitanda."