Kiti Kitupu Kwenye Turubai

Jioni hiyo nilikwenda kwa rafiki yangu mchoraji kukagua turubai jipya alilonichorea, la kutundika nyuma ya anayepigwa picha. Kesho yake binti yangu angesimama mbele ya turubai hilo na gauni la mahameli, nimpige picha za jarida.

Picha zangu za mitindo huwa naziiba kwa wachoraji wa kale: mwanga wa dirisha moja, giza kwingine kote. Nimeikodolea macho michoro kwenye makumbusho ya ng'ambo mpaka walinzi wakaanza kuninyemelea. Lakini maturubai yangu yote aliyachora rafiki yangu huyu. Binti yangu humwita baba mdogo. Na ni yeye aliyempendekeza binti yangu kwa picha hizi.

"Ana shingo ya kuchorwa," alisema. "Si kama wewe, kichwa kimekaa mabegani kama chungu kwenye mafiga."

Turubai lilionyesha chumba chenye kiza na kiti kitupu.

"Ngoja nisimame tupime mwanga." Ndiyo kawaida yetu, kitambi changu kimewashikia nafasi warembo wengi.

"Leo usisimame, kaka. Msubiri mwenyewe."

Hakuwahi kunikataza. Alipotoka kusuuza brashi, nikaitega kamera ipige yenyewe, nikasimama mbele ya turubai.

Baridi...

Kisha harufu. Si ya rangi. Ya udongo mbichi.

Nyuma yangu, kiti kikalia. Kriii...

Taa ya kamera ikamweka. Nikaiendea kamera.

Kwenye picha, kiti kilikuwa na mtu.

Mke wa mchoraji. Tulimzika mwaka jana; jeneza nililibeba mimi. Alikuwa akinitazama juu mpaka chini, kama mteja aliyeletewa nguo isiyomwenea.

"Anayemngoja si wewe," mchoraji akanong'ona mlangoni.

"Anamngoja nani?"

Akalitazama gauni la mahameli lililoning'inia ukutani.

"Ni mwanangu, kaka! Umembeba mgongoni yule!"

"Ndiyo maana nikamchagua. Ndani ya mwili wa mgeni, mke wangu asingekaa."

Nikashika kisu chake cha rangi, nikalichana turubai vipande vipande. Hakunizuia. Alilia tu. Na mimi, bwege nisiye na dawa, nusura nimkumbatie.

"Umechelewa," akasema. "Juzi alipokuja kujaribu gauni... nilimpima mwanga."

Binti yangu ni mzima. Anakula, anakicheka kitambi changu. Kumpiga picha, sithubutu.

Ila jana mchana alipitiwa na usingizi kwenye kochi. Nikamfunika shuka. Akatabasamu, macho bado kayafumba.

"Ahsante, shemeji."