Aliomba Ghala Tu

Saa nane mchana, nyumba nzima imelala, Bi Fakhriya alisikia harufu ya maziwa ya ngamia yaliyochacha. Akaifuata inakotoka, akaikuta kwenye nywele za Rahila, mkaza mwanawe, mzaliwa wa Tabora ambaye hajapata hata kumsogelea ngamia. Bi Fakhriya hakuogopa, alikunja uso. Tangu Marzouq amwoe msichana huyo, mwaka wa sabini na saba, alijua iko siku watagombania nyumba. Na nyumba hiyo ya Sur, Omani, ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho tangu atoke Unguja mikono mitupu.

Wiki ile ile Rahila akaanza kusema kwa sauti nzito ya kiume. Marzouq, roho juu, akamleta Mwalimu Hamdun kutoka Jalan. Mwalimu akafukiza ubani, akamuuliza mgeni kwa adabu ni nani na ana haja gani, maana jini haondoki mpaka aulizwe haja yake.

"Nilikaa katika kasri la sultani wa Kisomali," ikasema sauti. "Wazungu walimwomba ghala la kuwekea makaa ya meli zao. Tarjumani wake, mtu wa Sur, akamsomea karatasi: ghala tu. Sultani akatia muhuri. Kumbe imeandikwa pwani nzima. Amefia nchi ya watu, nami sina pa kukaa. Nipeni ghala."

Bi Fakhriya aliitambua habari hiyo. Tarjumani huyo alikuwa babu wa marehemu mumewe, na aibu hiyo mumewe alimweleza yeye peke yake. Lakini badala ya kuamini, akazidi kushuku. Bila shaka msichana kapekua sanduku la makaratasi ya marehemu, kisha akala njama na huyu Mwalimu.

"Bi mkubwa, usimpe neno kwa haraka," Mwalimu alimnong'oneza. "Hawa wakipewa hawarudishi."

"Mpe ghala la tende, khalas," akasema Bi Fakhriya kwa kejeli, ili mchezo uishe.

Rahila akazinduka, mzima kabisa. Kesho yake mlango wa ghala ukakataa kufunguka. Siku ya nne ikawa zamu ya jiko, moto hauwaki hata kwa mafuta ya taa. Kisha uani, kila aingiaye anasukumwa kifuani akarudi nyuma.

"Mama, wallahi si mimi," Rahila alilia.

Bi Fakhriya akamjibu kuwa anayeitaka nyumba ya watu hakosi hila. Jioni Marzouq, kwa uchungu, akamchukua mkewe wakahamia Ibra.

Basi mama mtu akabaki peke yake, ametulia, kwani mwenye vituko keshaondoka. Kesho yake, baada ya kusali adhuhuri ukumbini, akenda kujinyoosha chumbani, na njiani harufu ya maziwa ikamlaki, nzito kuliko siku zote, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyosikia mtu akijigeuza kitandani, kitanda chake alichokitandika kwa mkono wake asubuhi, na mlango aliouacha wazi akaukuta umekomewa kwa ndani, na alipotaka kupiga kelele zile za mwenye nyumba sauti haikutoka, ila mkono wake uliinuka wenyewe ukagonga taratibu, kama wa mgeni.

"Hodi," akasema.

"Ngoja," ikajibu sauti ya kiume.

Bi Fakhriya akakaa chini sakafuni, mlangoni pa chumba chake, akangoja.